Kopo Nililolifungia Kabatini

Wanangu wa kundi la wakunga, nimewasoma. Tangu Jumatatu simu yangu haitulii. Mmoja anataka kila mama apewe kopo la maziwa ya watoto anapotoka hospitali, mwingine anataka kopo hata moja lisivuke mlango wa wodi ya wazazi, wa tatu hana hoja, anatuma vikatuni tu. Halafu mmoja wenu, namjua, akaandika: "Tumuulize Mama Imma, yeye alikuwa mkali kuliko wote." Haya, mmeniuliza. Nilijaribu kuwajibu kwa ujumbe wa sauti, binti yangu akaniambia, "Mama, hii ni dakika kumi na saba, nani ataisikiliza?" Basi nimekaa mezani hapa Batsinda, Kigali, miwani puani, chai pembeni, naandika. Naandika Kiswahili kwa sababu kundi lenu lina watu wa Goma, Bujumbura na Bukoba, na kwa sababu mimi mwenyewe nilikulia Kagera na ukunga niliusomea Tanzania. Mpaka leo nikishtuka, nashtuka kwa Kiswahili.

Kwanza niwaambie kwamba nafurahi mnabishana. Kweli kabisa, roho yangu imetulia. Sisi hatukubishana. Tulipoambiwa tugawe, tuligawa. Tulipoambiwa tuzuie, tulizuia, na mimi nilizuia kwa mikono miwili na makelele juu. Yote mawili nimeyafanya, na yote mawili nimeyakosea. Sasa nimestaafu, hakuna wa kuniandikia barua ya onyo, kwa hiyo nawaambia bila kuficha.

Nilipoanza kazi Kigali, ndiyo kwanza nimerudi Rwanda, Kinyarwanda changu kimejaa Kiswahili mpaka wagonjwa wananicheka, makopo tulikuwa tunayagawa bila kufikiri. Alikuwa anakuja bwana mmoja wa kampuni, viatu vinang'aa, kalenda kwapani, mfukoni kalamu za kutugawia. Anatuachia katoni. Mama akijifungua tunampa pongezi na kopo lake. Tuliona ni upendo! Na mama mwenyewe anaondoka kifua mbele, kopo juu kabisa ya kikapu, majirani walione.

Siku moja niko stendi ya Nyabugogo, natafuta basi la Muhanga katikati ya wale wapiga debe na wabeba mizigo, mama mmoja muuza parachichi akanivuta mkono. "Muganga! Ni wewe uliyenipa maziwa!" Muganga, kwa Kinyarwanda, ndiyo sisi wa hospitali. Akageuza mgongo anionyeshe mtoto kwa furaha. Mungu wangu. Mtoto wa wiki tano, uso wa mzee. Kwenye kikapu kulikuwa na chupa, na ndani ya chupa kulikuwa na maji yaliyogeuka rangi kidogo tu. Kopo la siku chache alikuwa amelivuta wiki zote tano, kijiko kimoja kwa chupa nzima, na huku maziwa yake mwenyewe yamekauka kwa kukosa wa kuyanyonya. Na alikuwa ananishukuru, jamani. Ananishukuru!

Basi la Muhanga liliondoka bila mimi. Nilimchukua yule mama mpaka kituo cha afya, na kwa wiki mbili nikawa napita pale kila nikitoka kazini. Tulimlisha mtoto kwa kikombe, maziwa yaliyochanganywa sawasawa, na kila baada ya saa mbili tukamweka kifuani kwa mama yake anyonye hata kama hakuna kitu, kwa sababu titi linafuata mnyonyaji. Siku ya tisa mama yule alikandamiza, likatoka tone. Baadaye yakarudi, si yote, lakini ya kutosha. Mtoto akapona. Nilishusha pumzi, nikaapa kwamba kopo halitapita tena mikononi mwangu.

Hapo ndipo alipozaliwa yule Mama Imma mkali mnayemsema. Miaka ikaenda, sheria nazo zikabadilika, yule bwana wa kalenda akapigwa marufuku kuingia, nami nikawa mkuu wa wodi ya wazazi katika hospitali nyingine, ambayo siitaji. Nikajipa kazi ambayo hakuna aliyenituma: kukagua vikapu. Mnajua desturi yetu, mzazi hatembelewi mikono mitupu. Kila anayekuja anabeba chupa ya chai iliyojaa igikoma, ule uji wetu wa mtama, ili mama apate maziwa. Basi mimi nasimama mlangoni, "Karibuni, karibuni, tuone mlichobeba." Nimekuta kopo ndani ya sufuria ya ndizi. Nimekuta lingine limevishwa kofia ya mtoto na kufunikwa shali, limelazwa mkononi kama pacha. Huyo nilimwambia, "Hongera, na huyu wa bati alizaliwa saa ngapi?" Wodi nzima ilicheka, mwenye kopo akanuna mpaka jioni.

Nisijidharau lakini. Mengi nilifanya vizuri, na hayo myachukue. Mtoto awekwe kifuani kwa mama ndani ya saa ya kwanza, ngozi kwa ngozi, kabla ya picha na kabla ya kupigia watu simu. Yale maziwa ya mwanzo ya njano, dang'a, ambayo bibi zetu waliyaita machafu, usikubali yamwagwe. Ukimfundisha mama kunyonyesha, usimshike titi lake kama unakamua ng'ombe, mwonyeshe kwa kitu kingine. Mimi nilikuwa na soksi ya rangi ya kahawia niliyoijaza pamba nikaifunga kifundo mbele. Baba mmoja, dereva wa lori, mtu wa miraba minne, aliomba nimwazime soksi ile akajifunze ili amsaidie mkewe. Nilimkuta kwenye benchi la nje ameikumbatia na mwanasesere wa binti yake, anamweka vizuri, kidevu kimeguswa, mdomo wazi, amekunja uso kwa bidii. Sikucheka. Nilicheka nilipofika ofisini.

Basi sifa zikanipanda kichwani. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wodi yangu haina kopo. Wageni wa wizara wakija wanaletwa kwangu. Mkurugenzi wa hospitali ananiita "wodi ya mfano", kana kwamba wodi ndilo jina langu la ubatizo. Niliringa, msiniulize kiasi gani.

Ndipo akaja Solange.

Solange alikuwa mwalimu wa chekechea kule Remera, mzazi wa mara ya kwanza, binti mpole mwenye sauti ya chini. Alijifungua mtoto wa kike, kilo tatu na gramu mia moja, lakini baada ya kujifungua alitoka damu nyingi mno mpaka akaongezewa. Hilo niliandika kwenye faili kwa mkono wangu mwenyewe. Akawekwa kitanda cha nne, na aliyekuwa akimuuguza ni mama mkwe wake, Mama Kalisa, mama mtu mzima aliyesimama wima, kitenge kimenyooka, asiyesema neno mara mbili.

Siku ya pili kitanda cha nne kilifurika wageni. Niliona chupa za igikoma zimepangwa chini ya meza: moja, mbili, mpaka saba. Nikasema moyoni, huyu maziwa yatamwagika. Kila nikipita namuuliza, "Solange, mtoto ananyonya?" Ananijibu, "Nta kibazo, Muganga." Hakuna shida. Asubuhi nta kibazo, mchana nta kibazo, jioni nta kibazo. Na mtoto wake, weee, alikuwa sifa ya wodi! Halii. Wengine wanapiga kelele, yeye amelala. Wageni wanasema, "Mtoto ana adabu huyu, amelelewa tumboni." Mimi nami nikaitikia, nikamshika shavu, nikasema, "Ameshiba huyu."

Wanangu, nawaomba msome hapa polepole. Binti aliyelelewa vizuri kwetu, mama mkwe amekaa pembeni, shangazi saba wamebeba uji kutoka mbali kwa ajili ya maziwa yake, unadhani atasema mbele yao kwamba maziwa hayajatoka? Hasemi. Atakunywa uji wote mpaka tumbo limuume, atatabasamu, atasema nta kibazo. Mimi nilihesabu chupa za uji. Nepi sikuhesabu hata moja.

Mama Kalisa, yeye aliona. Alasiri ya siku hiyo hiyo nilimkuta anatoa kopo kwenye kikapu, amegeukia ukuta. Nikamrukia. Sikumuuliza kwa nini. Nilimwambia mbele ya wageni wote kwamba hii ni wodi ya maziwa ya mama, kwamba anataka kumharibia mkwewe matiti na kumharibia mjukuu tumbo, kwamba watu wazima ndio wanaotuangusha. Maneno yalinitoka, sina hamu nayo leo. Akasema mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, "Mtoto hana nguvu." Nikamjibu, "Mtoto ametulia." Nikachukua kopo, nikalifungia kabatini ofisini kwangu, nikamwambia atalipata siku ya kutoka. Solange aligeuza uso upande wa dirisha. Mama Kalisa alikaa chini, akafunga kikapu chake.

Nikaenda nyumbani nikala, nikalala vizuri. Hilo ndilo linaloniuma zaidi nikikumbuka.

Sasa kulikuwa na Hajati Mwamini. Huyu alikuwa mhudumu wetu wa usafi, mzaliwa wa Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali, kanipita umri, mtandio wake mweupe siku zote, na ulimi wake hauna breki. Yeye ndiye aliyenifundisha kumlisha mtoto kwa kikombe miaka hiyo ya mwanzo, tulipokuwa wote hospitali ile ya kwanza, maana alikuwa ameona wakunga wa kila aina wakija na kuondoka. Asubuhi ya siku ya tatu nikiwa ndiyo kwanza navaa koti la kazi, akasimama mlangoni na ufagio.

"Sista, ile mtoto ya kitanda ya nne."

"Ana nini?"

"Nguo yake sijaiona kwa kamba tangu jana asubuhi."

Nyuma ya wodi kulikuwa na kamba za kuanikia, kila anayeuguza mzazi anafua nepi za wake na kuzianika pale. Nikamwambia, "Labda bibi yake anapeleka kufulia nyumbani."

"Aka! Iko hapa. Inatoka kavu, inakunjwa kavu. Mimi nafagia chini ya kile kitanda, naona. Mtoto hakojoi, Sista. Unaniambia ameshiba nini, hewa?"

Nilitembea mpaka kitanda cha nne, sikukimbia, kwa sababu wodini hatukimbii, lakini moyo ulikuwa umeshafika. Nikamfunua mtoto. Nepi kavu, ina vumbi jekundu kidogo katikati, kama unga wa tofali, dalili ya mtoto aliyeishiwa maji mwilini. Mdomo wake mkavu. Nikamkuna unyayo, hakuvuta mguu. Nikampigapiga kisigino, akafungua jicho moja akalifunga. Nikamweka kwenye mizani: kilo mbili na gramu mia sita na hamsini. Siku hizo tulikuwa tunapima siku ya kuzaliwa na siku ya kutoka tu, katikati hatugusi mizani. Yule mtoto alikuwa anakauka mbele ya macho yetu, na sisi tunamsifu kwa adabu.

Nikamwambia Solange, "Mwanangu, niambie ukweli. Umewahi kumsikia anameza?" Akatazama mama mkwe wake, akanitazama mimi, machozi yakaanza kumtiririka. "Hakuna kitu, Muganga. Tangu mwanzo hakuna kitu. Niliogopa." Alikuwa ananiogopa mimi, si mama mkwe. Mama mkwe alikuwa ameshajua, ndiyo maana alileta kopo.

Daktari wa watoto alikuja mbio. Akapima sukari ya damu, ikawa chini mno. Akafunga dripu ndogo, mshipa ukapatikana mara ya tatu, na huku akiandika akasema, "Huyu anahitaji kula sasa hivi, wakati tunamsaidia mama kupata maziwa. Maziwa ya kopo, tuanze kwa mpira wa puani. Mnayo?"

Wodi ya mfano. Hatuna. Mwuguzi mmoja akasema aende kwa pikipiki mpaka duka la dawa. Kwenda, kupanga foleni, kurudi. Daktari akatazama saa, akatoka kwenda kupigia simu wodi nyingine.

Mimi nilikuwa nimesimama pale, mkono mfukoni, ufunguo kwenye vidole. Nilijua kopo liko hatua ishirini kutoka hapo. Na nawaambia aibu yangu yote: nilisita. Si kwa muda mrefu, labda pumzi mbili. Niliwaza kwamba nikilileta wataniuliza limetoka wapi. Mtoto anakwisha, na mimi nawaza jina langu! Halafu nikapiga magoti mbele ya Mama Kalisa, si kwa maigizo, magoti yalikwenda yenyewe, nikasema, "Mama, nisamehe. Naomba kopo lako."

Akaniambia, "Simama, Muganga. Nenda ukalilete."

Nikalileta. Nikaosha mikono, nikachemsha maji, nikapima kijiko kwa kijiko, Hajati akanishikia kikombe. Daktari aliporudi na kuliona akashangaa. "Haraka hivi? Limetoka wapi?" Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, Mama Kalisa akajibu, "Nilimpa sista anitunzie." Akasema hivyo, basi, akaendelea kukunja kitenge.

Saa nne, saa sita, saa nane. Kidogo kidogo kwa mpira, kisha mtoto alipoanza kutafuta kwa mdomo tukaenda kwenye kikombe. Mnakumbuka namna yake: mtoto akae wima, kikombe kiguse mdomo wa chini tu, usimmiminie, mwache arambe mwenyewe kwa ulimi. Katikati ya kila mlo namweka kifuani kwa Solange, na Solange namkalisha, namkanda mgongo, namfundisha kukamua kwa mkono, na yale matone matatu manne anayopata tunampa mtoto kwanza, kabla ya kopo. Sikutoka kitandani pale. Chakula changu kilipoa, Hajati akakila.

Kitu kama saa tisa mchana nilikuwa nimempakata namlisha, nikahisi joto tumboni. Koti limelowa, gauni limelowa, mpaka kiunoni. Nikapiga ukelele: "Amekojoa! Amenikojolea!" Wodi nzima, wazazi kumi na sita na shangazi zao, wakapiga makofi kama timu imefunga bao. Akina mama wenye mishono walikuwa wanacheka wameshika matumbo. Solange alikuwa analia na kucheka pamoja, "Imana ishimwe, Imana ishimwe," Mungu ashukuriwe. Na yule mtoto mwenye adabu akafungua kinywa akalia kwa hasira, kelele ya kukata masikio. Sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo. Sikubadilisha nguo mpaka jioni, nilipita nazo mpaka ofisi ya mkurugenzi kupeleka karatasi, na nilikuwa nanuka, na sikujali.

Siku ya tano maziwa ya Solange yakashuka. Yalichelewa kwa sababu ya damu aliyopoteza, na uji hata ungekuwa mwingi kiasi gani usingeyaharakisha. Siku ya nane kopo tuliliacha, limebaki zaidi ya nusu. Nililirudisha kwa Mama Kalisa mkononi. Akaniambia, "Baki nalo. Atakuja mwingine."

Nililipokea, nikainamisha kichwa.

Sasa swali lenu. Wote mko nusu sawa, na mtakasirika wote. Mnaotaka kila mama apewe kopo: nendeni Nyabugogo mkamtafute muuza parachichi. Kopo la bure linaisha, na likiisha na titi limeisha. Anayewapa makopo ya kugawa hakuwapa kwa huruma, alipanda mbegu yake. Msipokee hata kalenda. Mnaotaka kopo lisivuke mlango: njooni niwaambie tena kuhusu kitanda cha nne. Kopo likae wodini, machache, ndani ya kabati la dawa pamoja na dawa nyingine. Litoke kwa maandishi ya daktari, kwa kikombe, kwa kipimo, huku mama akiendelea kusaidiwa kukamua. Na kwa mtoto ambaye hawezi kabisa kunyonyeshwa, kwa ugonjwa au kwa sababu mama hayupo tena duniani, hospitali isiishie kumpa kopo la kwanza halafu ikamwacha barabarani. Imkabidhi kwa kituo cha afya kwa jina. Pimeni watoto kila siku. Hesabuni nepi. Mtoto anayelala tu, mwamsheni. Na mama akiwaambia nta kibazo, wageni waondoke kwanza, halafu mkae kitandani pake mmuulize tena.

Haya, hospitalini kwetu, hayakujiandika yenyewe. Wiki sita baada ya Solange kulikuwa na mkutano kwa mkurugenzi. Mezani kulikuwa na pendekezo: hospitali nzima ipige marufuku kopo, hata kwenye duka la dawa la ndani lisiwekwe, na mfano wa kufuatwa ni wodi ya Mama Imma. Daktari wa watoto alipinga, akasema kuna siku utalihitaji. Mkuu mwingine wa wodi akamjibu, "Mbona Mama Imma miaka yote hajalihitaji?" Watu wakageuka kunitazama. Mkurugenzi akasema kwa furaha, "Simama utuambie siri yako."

Hajati Mwamini nilikuwa nimemwomba aje akae karibu yangu. Watu walishangaa mhudumu wa usafi anafanya nini pale. Nilisimama. Kwa wiki sita nilikuwa napita mbele ya watu wanaonisifu na nashindwa kumeza chakula sawasawa. Mama Kalisa alikuwa amenifungulia mlango wa kujificha, ningeweza kubaki humo ndani mpaka kustaafu, na hakuna ambaye angejua.

Nikasema, "Sina siri. Nililihitaji. Lilikuwepo. Bibi wa mtoto alilileta siku moja kabla, akaniambia mjukuu hana nguvu, mimi nikamtukana mbele ya watu nikamnyang'anya. Mtoto alikaa karibu siku nzima anakauka, na kopo lake limefungwa kabatini kwangu. Hakuokolewa na mimi. Aliokolewa na huyu Hajati aliyetazama kamba ya nguo. Daktari, siku ile uliuliza limetoka wapi. Ndiko lilikotoka."

Daktari aliweka kalamu chini. Mkurugenzi alinigeukia, nikawa nangoja aseme kuhusu kazi yangu. Akauliza kitu kimoja tu.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko nje kwenye benchi na mama yake," nikasema. "Wamekuja kliniki. Nimempima asubuhi hii. Kilo nne na nusu."

Akavua miwani, akajifuta uso kwa kiganja, akamwambia katibu, "Futa hilo pendekezo. Tuanze upya." Mimi nikakaa. Hajati akanisogezea chai yake mwenyewe, yenye sukari nyingi mno, akaninong'oneza, "Sasa umetua, Sista. Kunywa."

Nikanywa, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita kitu kilipita kooni bila kukwama.